Nguo Chache, Rangi za Kanga

Kabla hujaendelea na ukurasa huu tunakuomba ufungue kabati lako. Kama huna kabati, vuta lile sanduku lililo mvunguni mwa kitanda. Hesabu nguo zote za kutokea zilizomo, kisha hesabu zile tu ulizozivaa mwezi huu.

Sisi akina mama wa umoja wetu hapa Mtoni tulipeana kazi hiyo mwaka jana. Kila mmoja aliifanya nyumbani kwake, na Alhamisi tulipokutana tukasomeana majibu. Kulikuwa na kicheko kingi, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Mama mmoja alikuwa na sare 11 za vitenge: za harusi, za kicheni pati, za kipaimara, za ibada ya kumaliza msiba. Kati ya hizo, alizoweza kuzivaa tena bila kujiona amevaa sherehe ya mtu mwingine zilikuwa 2. Na bado kila Jumapili asubuhi alikuwa akisimama mbele ya kioo akisema hana nguo.

Mwenzetu mwingine hakuwepo kuhesabu. Tangu Pasaka tulikuwa hatumwoni, nasi tukadhani anauguza. Kumbe mume wake, kibarua wa bandarini, alikuwa amekosa kazi kwa miezi mitatu, na mama huyo alikuwa akikwepa mchango wa sare ya harusi iliyokuwa inakuja. Aliona heri aonekane amepoa kiimani kuliko ajulikane kuwa hana fedha ya kitenge na ya fundi.

Wale kati yetu tunaofanya kazi ya uuguzi hatukushangaa sana. Kwenye kliniki ya wajawazito tunawaona wanaokuja kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi 7. Ukiuliza taratibu, bila kumfokea mtu, wakati mwingine sababu si nauli wala si foleni. Gauni lililokuwa linamtosha sasa linambana, lile la kuazima limerudi kwa mwenyewe, na kanga nzuri aliyonayo anaitunza kwa ajili ya siku ya kujifungua. Kwa hiyo tunapozungumza habari za nguo katika makala hii, tusidhaniwe kwamba tunazungumza habari za urembo peke yake.

KABATI DOGO LINALOFANYA KAZI

Wazo la kuwa na nguo chache zinazooana lina historia yake. Katika miaka ya 1970 Susie Faux, mama aliyekuwa na duka la nguo mjini London, aliwashauri wateja wake wanunue nguo chache zilizoshonwa vizuri, zinazoweza kuvaliwa pamoja kwa namna nyingi. Mwaka 1985 mbunifu wa mavazi wa New York, Donna Karan, alitoa mkusanyiko wa vipande 7 tu kwa ajili ya mwanamke mwenye kazi nyingi. Rangi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa nyeusi.

Kwa wenzetu wa nchi za baridi nyeusi inafaa. Hapa kwetu nguo nyeusi iliyoanikwa juani Temeke kwa miezi kadhaa hupauka ikawa rangi ya jivu, vumbi la njiani huonekana juu yake kama unga, na ukiivaa kila siku shangazi zako wataanza kuuliza nani amefariki. Wazo tunalipokea, lakini rangi tujitafutie wenyewe.

Faida yake muuguzi yeyote anaijua bila kufundishwa. Saa 11 alfajiri, umeme umekatika, watoto wamelala, unavaa sare yako gizani na unatoka nyumbani umependeza. Hakuna dakika iliyopotea kwa kujiuliza. Sasa fikiria kama nguo zako zote zingekuwa na utii wa namna hiyo, lakini ziwe zako na zisifanane na za mtu mwingine.

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mwenye sketi 3 na blauzi 5 anaweza kuzivaa kwa namna 15. Akiongeza koti moja jepesi au sweta, anaweza kuvaa nalo au bila nalo, na zile 15 zinakuwa 30. Huo ni mwezi mzima, kwa vipande 9 tu! Lakini hesabu hiyo ina sharti moja: kila blauzi ikubaliane na kila sketi. Sketi 3 za maua tofauti na blauzi 5 za maua tofauti huenda zikakupa namna 4, nyingine zote zikagombana. Tatizo la kabati letu, basi, aghalabu si uchache wa nguo. Ni ugomvi wa rangi.

KUIULIZA PICHA

Wengi wetu tukiambiwa tuchague rangi, tunachagua zile tunazozipenda, na rangi tunazozipenda ndizo zinazogombana. Leo umeona zambarau dukani ukaipenda, kesho chungwa, keshokutwa kijani cha kung'aa. Kila moja ni nzuri peke yake. Ndipo tukapeana ushauri huu: usichague rangi moja moja. Tafuta kwanza picha iliyochorwa na mtu anayeijua kazi yake, picha ambayo unaipenda na hujachoka kuitazama, uchukue rangi zake zote kwa pamoja. Kazi ya kuzipatanisha mchoraji ameshaimaliza.

Dar es Salaam hatuna uhaba wa picha hizo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora hapa jijini mwishoni mwa miaka ya 1960. Alitumia vipande vya ubao mwembamba wa dari na rangi za kung'aa za makopo, zile za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Ndugu na wanafunzi wake waliiendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika, ambacho makao yake yako Oysterbay, pale Morogoro Stores. Kutoka Mtoni ni safari ya magari mawili. Sisi tulikwenda watu sita siku ya Jumamosi, tukatazama mpaka macho yakachoka, na tuliporudi hakuna aliyekuwa amenunua kitu.

Picha za mwanzo za Tingatinga mwenyewe ni darasa zuri. Utaona mnyama mmoja au ndege, nyuma yake rangi moja tulivu, kisha rangi nyingine chache zinazorudiarudia. Nyingi zilizochorwa miaka ya baadaye kwa ajili ya watalii zimejaa rangi kila pembe, kama soko la Tandika siku ya sikukuu. Ukutani zinapendeza sana. Lakini mwenye kutafuta rangi za nguo akizifuata hizo, kabati lake litarudi lilikotoka.

Picha tuliyoanza nayo sisi haikutoka Oysterbay. Ilikuwa ikining'inia sebuleni kwa mmoja wetu, juu ya televisheni, kazi ya kijana mmoja wa barabarani ambaye hata sahihi hakuweka: kanga wawili wamesimama kwenye nyasi kavu. Tunamaanisha kanga ndege, yule mwenye madoa. Wengi mnajua inavyosimuliwa kwamba nguo yetu ya kanga ilipata jina lake kwake, kwa sababu kanga za zamani zilikuwa na madoa meupe juu ya rangi nzito kama manyoya yake. Kwa hiyo tulipomchagua ndege huyo tulijiona hatujaenda mbali na nyumbani.

RANGI NA MAJINA YAKE

Tulipoanza kuandika rangi tulizoziona, tulikwama kwenye majina. Mmoja alisema mwili wa kanga ni mweusi, mwingine akasema wa bluu, wa tatu akasema wa kijivu, na kila mmoja alikuwa anaona sawasawa.

Lugha yetu ya Kiswahili ina rangi tatu tu ambazo maneno yake hubadilika pamoja na kitu kinachosemwa: nguo nyeupe, kitambaa cheupe; nguo nyeusi, kitambaa cheusi; nguo nyekundu, kitambaa chekundu. Rangi nyingine tumeziita kwa vitu tunavyoviona. Kijani kimetoka kwenye majani, kahawia kwenye kahawa, kijivu kwenye majivu, zambarau na chungwa kwenye matunda. Kuna rangi ya maziwa, rangi ya ugoro, rangi ya waridi. Ile nyekundu iliyokolea ikaelekea weusi tunaiita damu ya mzee, na sisi tuliofua mashuka ya wodini tunakubali kwamba aliyelitoa jina hilo aliiona damu iliyokauka kwa macho yake.

Na tazama jambo hili: zile rangi tatu zenye maneno ya kale, nyeupe, nyeusi na nyekundu, ndizo rangi za kanga ya kisutu, ile anayovaa bibi harusi wa pwani na ambayo bibi zetu waliitunza miaka na miaka. Mwenye kisutu nyumbani hana haja ya kwenda Oysterbay wala kununua picha. Rangi tatu anazo, zimeshapimwa na watu wengi kabla yake.

Basi tulimaliza ubishi wetu kwa kuziita rangi za picha kwa vitu. Mwili wa kanga: masizi yaliyochanganyika na jivu. Madoa: maziwa. Nyasi: ugoro uliopauka, wengine wakasema mkate uliookwa. Ngozi ya uso: bluu ya anga ya jioni. Na vile vinyama vinavyoning'inia mashavuni: wekundu wa pilipili mbivu. Rangi tano.

KIASI

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, na tungependa msomaji apasome taratibu. Picha haikuambii tu ni rangi zipi. Inakuambia pia ni kiasi gani.

Isimamishe picha mbali kidogo, ufinye macho mpaka usione tena ndege wala nyasi, ila mabaka ya rangi tu. Jiulize: kama picha hii ingekuwa mafungu 10, kila rangi ingepata mangapi? Kwenye picha yetu tulikubaliana hivi: masizi 4, nyasi 3, maziwa 2, na fungu 1 lililobaki ni la bluu, na ndani yake ule wekundu ni kidogo sana, labda ukubwa wa ukucha. Lakini ukiitazama picha, jicho linakwenda kwenye ule wekundu kwanza! Ungekuwa umepakwa mwili mzima, usingeuona.

Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunanunua gauni jekundu, mkoba mwekundu, viatu vyekundu na hereni nyekundu, kwa kuwa tumeambiwa lazima vifanane. Mtu akipita anaona nguo, wewe hakuoni. Na gauni lile huwezi kulivaa Jumapili mbili mfululizo, maana kila mtu amelikumbuka. Sketi ya rangi ya masizi hakuna anayeikumbuka. Unaweza kuivaa mara tatu kwa juma, na watu watakumbuka kilemba.

Kwa hiyo tuligawa hivi. Vile vitu vikubwa, vya bei, vinavyovaliwa mara nyingi, yaani sketi, koti, viatu na mkoba, viwe vya rangi zenye mafungu mengi. Blauzi ziwe za maziwa na za nyasi, pamoja na moja au mbili za kitenge kinachochanganya. Bluu iwe ya gauni moja au blauzi moja. Wekundu ukae pale ulipo kwa kanga mwenyewe, kichwani na jirani na uso: kilemba, mtandio, hereni, shanga. Vitu hivyo ndivyo vyenye bei ndogo, na ndivyo unavyoweza kuvibadili ukichoka.

Kuna aliyeuliza kama rangi ya nyasi inamfaa mtu mweusi. Swali hili hutokea kila tunapozungumza, na huwa linatuuma kidogo. Tumesikia kwamba mweusi asivae manjano, asivae nyekundu, asivae hiki wala kile, mpaka mtu anamaliza rangi zote za dunia. Simama mlangoni mchana, shikilia kitambaa chini ya kidevu, mwombe mwenzako akutazame uso, si kitambaa. Kama uso unaonekana umeamka, rangi inakufaa. Isipokufaa badili kitambaa, usibadili ngozi. Tumehudumia akina mama walioungua kwa mikorogo, na krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwa sababu za msingi: zebaki hupita kwenye ngozi ikafika kwenye figo. Turudi kwenye nguo.

KADI YA NYUZI

Ukishazijua rangi zako, utazibebaje mpaka sokoni? Picha ya simu inasaidia, lakini simu hudanganya rangi, na kioo kilichopasuka hudanganya zaidi. Njia yetu ni ya fundi cherehani. Kata kipande cha boksi ukubwa wa kiganja. Nenda kwa fundi na picha yako, mwombe akukatie uzi wa kila rangi inayokaribia, uuzungushe kwenye kile kipande. Rangi yenye mafungu mengi izungushe mara nyingi, ile ndogo mara mbili tatu. Hiyo ndiyo kadi yako. Iweke kwenye pochi, pale unapoweka kitambulisho.

Sokoni Tandika au Karume, usiamini rangi uliyoiona chini ya turubai. Turubai la bluu hugeuza kila kitu kilicho chini yake. Nyeupe huwa samawati na kahawia huwa kama zambarau. Chukua nguo, toka nayo hatua mbili juani, weka kadi juu yake. Muuzaji atalalamika kidogo, halafu atazoea. Nguo isiyokubaliana na kadi irudishe, hata kama ni nzuri, hata kama ni ya bei ya kutupa, hata kama belo limefunguliwa sasa hivi na wenzako wanaigombania. Hii ndiyo faida kubwa ya picha ambayo hatukuitegemea: inakataa kwa niaba yako. Mtu akikusukumia nguo unamwonyesha kadi. Hujasema huna fedha, wala hujasema nguo yake mbaya.

Kitenge kina rangi nyingi, basi kipime kwa kanuni rahisi. Kiwe na angalau rangi mbili za kadi yako, na ile iliyozidi iwe kidogo. Kikiwa hivyo kitakaa na sketi zako zote.

Ziko tahadhari mbili ambazo muuguzi hawezi kuziacha. Kwanza, chagua pamba kadiri uwezavyo. Unyevu wa Dar es Salaam na nguo za nailoni zinazobana huleta vipele vya joto na fangasi chini ya matiti na mapajani, na wengi wanaona aibu kuonyesha mpaka ngozi imechubuka. Pili, nguo ya mtumba ifuliwe na ipigwe pasi kabla ya kuvaliwa, na za ndani usinunue za mitumba kabisa. Uingizaji wake umekatazwa, lakini bado zinapatikana.

Na mtu asikimbilie sokoni kabla hajamaliza kabati. Yule mama wa sare 11 hakununua kitu hata kimoja kwa miezi miwili. Alitandika sare zote kitandani, akaweka kadi juu ya moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa na bluu na maziwa, akampa fundi akazikata zikawa blauzi. Moja ilikuwa rangi ya ugoro yenye maua madogo, ikawa sketi. Nyingine ilikuwa na wekundu mwingi; ile ndiyo ilitoa kilemba chake, na mabaki yake vilemba vya mabinti wawili. Zilizobaki aliwapa ndugu kijijini, isipokuwa moja aliyokataa kuigusa, kwa kuwa ni ya msiba wa mama yake. Hakuna aliyembishia.

Nguo chache huvaliwa mara nyingi na hufuliwa mara nyingi, kwa hiyo ziangalie. Kanga na vitenge vipya vifue peke yake kwa maji baridi mara tatu nne, mpaka maji yatoke safi, la sivyo wekundu wa pilipili utaingia kwenye blauzi ya maziwa. Geuza ndani nje unapoanika, na anika kivulini penye upepo. Doa la damu litoe kwa maji baridi. Maji ya moto hulipika likashika.

KILA MMOJA NA PICHA YAKE

Si wote waliochukua rangi za kanga. Mwingine alichagua picha ya kalenda iliyochorwa kwa mtindo wa George Lilanga, yule msanii wa Masasi aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa hapa jijini na kufariki mwaka 2005, mwenye vile viumbe vya masikio makubwa. Rangi zake ni waridi, samawati na kijani kibichi. Tulidhani atashindwa, lakini yeye ni mwalimu wa chekechea na watoto wanamwona tangu mbali. Mwingine alitumia kisutu cha bibi yake. Bibi mmoja wa miaka 70 na kitu alitusikiliza mpaka mwisho, akasema yeye atavaa gauni alizoachiwa na marehemu mumewe, za rangi zozote zile, nasi tukaona hilo ni jibu lililokamilika.

Mwenzetu wa bandarini tulimfuata nyumbani kwake mtu wawili, bila kamati. Alikuwa na gauni moja la maziwa la miaka 9, sketi mbili za rangi ya kahawa, na kanga doti tatu. Tulipozipanga kitandani tuliona zinaoana zenyewe kuliko za yeyote kati yetu. Alikuwa na kabati tunalolitafuta sisi, akaliona ni aibu.

Ndipo lilipotokea wazo la harusi. Binti wa mwanachama alikuwa anaolewa mwezi wa Septemba, na kamati ilikuwa tayari imechagua kitenge. Tuliomba badala ya kitenge kimoja itangazwe rangi, damu ya mzee na maziwa, kila mtu aje na alichonacho, hata kama ni mtandio tu. Kikao kilichukua saa tatu. Shangazi wa bibi harusi alisema picha zitaharibika, watu wataonekana kama wameokotwa njiani. Mwingine akasema mtu akitaka kuvaa alichonacho abaki kwake. Mama wa bibi harusi alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza fedha ambayo ingekwenda kwenye sare inaweza kulipa nini. Mweka hazina akahesabu akasema: vyombo vya ndani, na godoro.

Siku ya harusi tulikuwa akina mama zaidi ya 40, na hapakuwa na wawili waliofanana. Palikuwa na magauni, sketi, vitenge vya zamani, kanga zilizofungwa vizuri, na juu yake damu ya mzee kwenye vilemba na mitandio. Kwa mbali tulionekana kitu kimoja. Mpiga picha, kijana ambaye hakuwa na habari ya kikao chetu, alitupanga mara tatu na kutupiga tena. Yule mwenzetu alikuja na gauni lake la miaka 9 na mtandio wa kuazima, akakaa safu ya pili.

Shangazi hakuridhika mpaka leo. Na harusi iliyofuata, mwezi wa Desemba, imerudi kwenye sare. Kitenge kilishanunuliwa kwa robota kabla hatujaulizwa. Tumepeleka barua kwa kamati tukiomba wasiomudu waruhusiwe kuja na kilemba tu cha kitenge hicho, ambacho nusu mita inatosha. Hadi tunaandika makala hii hatujapata jibu, lakini fundi ameshapokea vilemba 6.